Uji Usiogeuka Maji

Sufuria ilikuwa moja, unga mmoja, na mpishi mmoja, naye ni mama yangu. Lakini kikombe nilichomnyweshea Baba mimi kilibaki kizito hata kikikaa juani, na kikombe ambacho Mama alimnyweshea Baba kiligeuka maji kabla hakijafika nusu. Nilipomwambia Mama hivyo kwa mara ya kwanza, alinitazama akasema, "Kwa hiyo siku hizi hata uji una upendeleo?"

Tulicheka, ingawa jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Baba alikuwa amepata kiharusi msimu wa kuchuma kahawa. Upande wa kulia ulilala, maneno yakampotea, na koo likasahau kazi yake. Hospitali walitueleza kwa lugha nyepesi: mtu wa namna hii akinywa maji au chai, koo linachelewa kufunga, kinywaji kinaingia njia ya hewa na kushuka mapafuni. Tulikuwa tumeshaona matokeo yake. Chai ya tangawizi, ambayo alipewa na mgeni mwenye huruma, ilimrudisha wodini akiwa na homa na kifua kinakoroma. Daktari alisema mapafu yale hayatastahimili mara nyingine.

Muuguzi mmoja wa kike alitufundisha la kufanya. Kila anachokunywa kiwe kizito. Alichota uji kwa kijiko, akakiinamisha mbele yetu, ukaanguka bonge moja. "Hivi," alisema. "Ukianguka bonge, mpeni. Ukitiririka, msimpe, hata akilia." Mama alirudia maneno yale njiani kote, kutoka hospitali hadi kijijini kwetu Akheri.

Na uji wake ulikuwa mzito kweli. Aliupika alfajiri, akaumimina kwenye chupa ya chai, na kila alipoumimina kikombeni ulianguka bonge. Baada ya vijiko kadhaa ulianza kutiririka. Baba akakohoa, uso ukamjaa damu, mimi na Mama tukamshika huku na huku mpaka kikohozi kilipoisha. Nilipochukua zamu mimi, uji haukubadilika hata kidogo, ila Baba alikuwa anakunywa vijiko vichache tu na kufumba mdomo. Nilidhani ameshiba. Kwa Mama alikunywa na kupaliwa. Kwangu hakupaliwa kwa sababu hakunywa. Mashavu yakaanza kuingia ndani.

Sasa, kama kuna mtu katika familia yetu aliyepaswa kujua kwa nini uji unageuka maji, ni mimi. Kazi yangu ni wanga. Niko Elerai, kwenye kiwanda kidogo cha sosi ya nyanya, pilipili na achari. Mwenye kiwanda ni mama wa Kihindi ambaye babu yake aliuza viungo Arusha kabla baba yangu hajazaliwa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi niliyelelewa kwa Kimeru. Baba hakuwahi kuielewa kazi hii. Nilipomwambia nasomea sayansi ya chakula, alimwita jirani aliyekuwa ng'ambo ya mfereji aje asikie. "Njoo umwone huyu! Kaenda chuo kikuu kujifunza kupika uji!" Tangu hapo, kila nilipofika nyumbani na kumwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na kuniuliza kama uji umeiva. Aliniuliza hivyo kwenye harusi yangu, mbele ya mchungaji.

Sikukasirika, maana alikuwa amekaribia ukweli. Kuna watu wanaopenda mpira, kuna wanaopenda siasa. Mimi nilipoutazama wanga kwa hadubini chuoni sikutaka kuondoka pale kwenye kiti. Unga mweupe ambao kwa macho ni vumbi tu, mle ndani ni chembechembe, na kila mmea una zake. Chembe za viazi ni kubwa na za mviringo, za mchele ni ndogo zenye kona kona, za ndizi ni ndefu ndefu. Wenzangu walichora walichotakiwa kuchora wakaenda kula. Mimi nilibaki nikibadilisha vioo mpaka mwalimu akaja kuzima taa.

Ndani ya kila chembe kuna nyuzi ndefu zilizobanana. Ukiiweka kwenye maji na kuichemsha, chembe inakunywa, inavimba, nyuzi zinalegea na nyingine zinatoka nje, na hapo ndipo maji na unga vinapokuwa uji. Ukiuacha upoe mpaka kesho yake, nyuzi zinasogeleana tena na kuyasukuma maji nje. Ndiyo maana kiporo cha uji kina maji juu yake. Ukiuchemsha pamoja na kitu kichachu, uchachu unazikata zile nyuzi, na uji unakuwa mchuzi.

Hayo yote mawili ndiyo yaliyokuwa yakiitesa sosi yetu nilipoanza kazi. Tulikuwa tunaifanya nzito kwa konflawa, wanga wa kawaida wa mahindi. Siki na moto viliikata ikiwa bado sufuriani, na ile iliyopona ilitoa maji ikifika dukani. Wenye vibanda vya chipsi wa Kijenge walikuwa wanaturudishia chupa ambazo chini ni nyanya na juu ni maji mekundu. Mmoja aliniuliza kama wateja wake wanywe au wachovye.

Ndipo mwenye kiwanda akaagiza gunia la wanga uliobadilishwa. Kwa sura ni unga uleule wa mahindi, mweupe, laini, unaoteleza vidoleni. Kumbe huko ulikotengenezwa umelowekwa na dawa kidogo, ukasafishwa kwa maji mengi na kukaushwa tena. Ladha haikubadilika, kilichobadilika ni tabia. Kuna dawa inayofunga uzi mmoja na mwingine, mshono hapa na mshono pale, hivyo chembe inavimba lakini haipasuki hata kwenye siki inayochemka. Kuna nyingine inayobandika vitawi vidogo ubavuni mwa nyuzi, zikipoa zisiweze kukaribiana, na maji hayana wa kuyasukuma nje. Wanga mwingine unakatwa kidogo kwa asidi makusudi, uwe mwepesi ukiwa moto na ugande vizuri ukipoa. Huo ndio ulio ndani ya zile peremende laini zinazonata menoni. Kitu kimoja, mahindi yaleyale, na mtu anaweza kukifundisha adabu anayoitaka.

Nilipika sosi ya kwanza kwa gunia lile na kuifanyia kila aina ya uonevu. Niliichemsha kupita kiasi, nikaiweka kwenye barafu, nikaipandisha juu ya bati la kiwanda ikae juani. Haikutoa maji. Niliishika ile chupa nikaizungusha siku nzima kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa na bado haamini. Mwenye kiwanda alinipita, akasema, "Sasa ioe."

Kwa hiyo pale Akheri sikuweza kukubali kwamba uji unageuka maji hivi hivi tu. Kila Jumamosi nilipofika, baada ya salamu, nilianza uchunguzi. Nilishuku unga, nikaleta mwingine kutoka mjini. Nilishuku chupa ya chai, nikaisugua mwenyewe kwa maji ya moto. Nilishuku maji ya mfereji, nikachemsha ya bomba. Nilishuku kwamba Mama anamimina sehemu ya juu na mimi namimina ya chini, nikaitikisa chupa kama dawa ya kikohozi. Nilifikia hatua ya kushuku kikombe. Mama alivumilia mpaka nilipoanza kuuliza kuni zilikuwa za mti gani.

"Umekuja kumwona baba yako," aliniuliza, "au umekuja kunikagua?"

Jibu la kweli lilikuwa yote mawili. Nikavuta kigoda, nikakaa chini ya upenu na kuwatazama tu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha mbao, blanketi magotini, uso kuelekea migombani. Mama aliketi mbele yake. Akafungua chupa, akamimina uji, akachota kijiko, akakionja yeye kwanza huku Baba akimtazama. Kisha akakirudisha kikombeni, akachota tena, akampa. Baada ya vijiko viwili vitatu akaonja tena, kuangalia moto, akakirudisha tena. Hakuna hata kimoja nilichokuwa sijawahi kukiona. Kwetu anayempa mtu kinywaji hukionja mbele yake, ndipo anampa. Wazee wanasema ni kuonyesha hakuna sumu. Ni desturi ya pombe ya ndizi hasa, lakini Baba ni mzee wa kanisa ambaye pombe haimpiti mdomoni, kwa hiyo Mama aliihamishia desturi hiyo kwenye maziwa, chai na uji. Siku hizi hakuna anayefikiria sumu. Imebaki adabu, na kati ya hawa wawili imebaki kitu zaidi ya adabu, maana sijawahi kumwona Baba akinywa kitu cha Mama kabla Mama hajakigusa kwa midomo yake. Nilikuwa nimeliona hilo tangu utotoni, na macho yangu yalikuwa yamezoea kulipita.

Mate. Kinywani mwa kila mtu kuna kimeng'enya kinachokata wanga. Ndiyo maana ukitafuna ugali muda mrefu unaanza kuwa mtamu. Kazi ileile inayofanywa na siki na moto, mate yanaifanya bila moto, na kwa haraka ya kushangaza. Mama alikuwa anarudisha mate kikombeni kila baada ya vijiko vichache.

Nilihitaji kuhakikisha, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nyumbani kulikuwa na chupa ya iodini ya kupaka vidonda. Iodini ikigusa wanga inakuwa bluu iliyokolea, karibu na weusi, na nyuzi zikikatwa sana rangi inaondoka. Nilichukua masalio ya kikombe cha Mama nikayaweka kwenye kisosi, na masalio ya kikombe changu kwenye kisosi kingine, nikadondoshea. Vyote viwili vikawa bluu. Nilivunjika moyo. Halafu nikaviinamisha: changu kilisimama, cha Mama kilikimbia hadi ukingoni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wanga hauhitaji kukatwa wote ndipo uji uwe maji. Inatosha kukata nyuzi mahali pachache. Nilivifunika, na jioni nilipodondoshea tena, kisosi cha Mama kilitoa rangi ya chai ya rangi na changu bado kilikuwa bluu. Nilifurahi sana. Nilifurahi kiasi kwamba sikufikiri nitakachosema.

"Mama!" niliita kutoka uani. "Ni mate yako!"

Alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Nilimwonyesha visosi, nikamweleza nyuzi, nikamweleza kimeng'enya. Alisikiliza yote. Kisha akauliza polepole, kwa sauti ambayo sikuipenda, "Mate yangu ndiyo yanamuua mzee wangu?"

Niliona aibu. Nilisema hapana, si mate yake peke yake, ni ya kila mtu, hata yangu. Alikuwa ameshageuka. Aliosha kijiko, akakiosha tena, akakianika.

Kesho yake asubuhi alimimina uji na hakuonja. Alichota, akampelekea Baba mdomoni. Baba alimtazama midomo. Akasubiri. Mama akamsihi kwa Kimeru, akamwambia ni moto wa kutosha, ni mzuri, ale. Baba akafumba mdomo na kugeuza uso migombani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kwangu alikuwa anashiba haraka. Mimi nilikuwa simwonjei. Nilikuwa nimekaa mjini kiasi kwamba nilimpa baba yangu kikombe kama muuza chai anavyompa mteja, naye alikuwa anakunywa vijiko viwili vitatu kwa kunistahi.

Tulijaribu ujanja. Mama alishika vikombe viwili, akaonja cha kwake, akamlisha kutoka cha pili. Baba alikitazama kikombe kimoja, akatazama kingine, akausukuma mkono wa Mama kwa mkono wake mzima. Tulijaribu vijiko viwili na kikombe kimoja. Aliona Mama akibadilisha kijiko, akafumba. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya hata jina la mke wake, lakini hili hakikuligusa. Kama ilikuwa adabu, au woga wa mtu mgonjwa, au namna pekee iliyobaki ya kumjua Mama, sijui, na hakuwa na maneno ya kutuambia.

Siku ile hakutia kitu tumboni. Jioni Mama alikaa jikoni, mikono mapajani.

"Nisipoonja, hali," alisema. "Nikionja, anapaliwa. Sasa wewe uliyesoma niambie, nimfishe kwa lipi?"

Nilirudi mjini nikiwa na hasira. Sikumkasirikia yeyote, hasira ilikuwa ya wanga. Nilikuwa najua jinsi ya kuutetea na siki, na moto, na barafu, na jua la juu ya bati. Sikuwahi kufikiri kuutetea na mama yangu.

Siku zile Mama aliamua kuonja, lakini kidogo sana, na kumlisha Baba upesi kabla uji haujalegea. Baba alikula kidogo, akapaliwa kidogo. Kila simu ilipoita nilijua ni homa.

Jibu lilitoka kwenye tabia yangu mbaya. Nikiwa napika sosi ninaweka kiasi kwenye kikombe pembeni, naonja, najaza tena, naonja, kwa kijiko kilekile, tangu asubuhi mpaka tunafunga. Kikombe kile hakirudi kwenye sufuria, kinamwagwa, lakini mwenye kiwanda hawezi kukivumilia. Siku moja alinikuta nakilamba kijiko na kukichovya.

"Kijiko kilekile tena?" alisema. "Wewe unakunywa mate yako kutwa nzima? Angalia, kikombe chote ni wewe!"

Nilikiangalia. Kilikuwa kimejaa mate yangu tangu saa za chai, na sosi ilikuwa imesimama kama ilivyotoka jikoni. Nilikiinamisha, ikaanguka bonge. Nikamwambia mama yule Mungu ambariki, nikamwacha amesimama.

Kitu chenyewe kilikuwa kwenye vitabu vyangu siku zote. Kimeng'enya cha mate hakiwezi kufanya kazi kwenye uchachu wa siki au wa ndimu. Kinazimika. Lakini uchachu wenyewe unakata nyuzi ukikaa na joto, na uji wa Mama unakaa kwenye chupa ya chai tangu alfajiri. Uji wa ndimu wa unga wa kawaida ungelegea humo ndani kabla ya saa ya kunywa. Isipokuwa uwe na wanga usiojali uchachu. Na gunia lake nilikuwa nimelikalia.

Nilipika uji wa aina nne, nikaugawa kwenye vikombe, nikatema mate kidogo katika kila kimoja kwa uadilifu wote. Mwenye kiwanda alirudi akanikuta nikitema. Akavuta kiti, akaketi. Nilimweleza habari ya Baba. Alichukua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani katikati ya vikombe, tukatazama pamoja. Wanga wa kawaida usio na ndimu ulilegea hata hatujamaliza kuongea. Wa kawaida wenye ndimu, ambao nilikuwa nimeuweka kwenye chupa ya moto tangu asubuhi, ulitoka ukiwa mwepesi tayari, haukungoja mate. Ule uliobadilishwa, bila ndimu, ulinipa matumaini: ulikaza muda mrefu, halafu na wenyewe ukaanza kuteremka kwenye kijiko, maana mshono unachelewesha mate lakini hauyazuii. Uliobadilishwa na kutiwa ndimu ulikaa vilevile. Tulikula chakula cha mchana, ukakaa. Tulifunga kiwanda, nikauinamisha mara ya mwisho mlangoni, ukaanguka bonge.

"Mpelekee mzee," alisema mwenye kiwanda, na akanifungia mfuko.

Sikwenda moja kwa moja. Nilipita kwanza kwa yule muuguzi, nikampikia palepale kwenye jiko la wodi. Aliuinamisha, akauonja, akauliza maswali mengi kuliko niliyotarajia. Alisema uchachu wa kiasi hauna ubaya, tena huliamsha koo lililolala. Nisizidishe ndimu, mzee aketi wima, na kikohozi kikija tusimame. Kisha akaomba nimwachie kidogo, kwa ajili ya wengine.

Jumamosi nilifika Akheri na mfuko wangu. Mama aliufungua, akachota unga kwa vidole, akaunusa.

"Hiki nini?"

"Wanga, Mama."

"Wa nini?"

"Wa mahindi. Ila umebadilishwa."

"Umebadilishwa na nini?"

Mtu mwingine angesema umebadilishwa na mashine. Mimi juu ya wanga siwezi kusema uongo.

"Na kemikali," nilisema.

Nilimwona akikunja uso. Mama anaijua kemikali. Ni ile inayopuliziwa kahawa na nyanya, inayokuja kwenye chupa yenye picha ya fuvu, ambayo akimaliza kuitumia anavua nguo zote na kuoga kabla ya kumgusa mjukuu. Nilimweleza kwa muda mrefu. Nilimwambia ni dawa kidogo, nyingine ni ya ukoo wa siki, nyingine ya ukoo wa chumvi, inasafishwa na maji mengi, inapimwa, na kwamba wanga huu uko kwenye sosi ambayo wajukuu wake wanailamba mpaka chupa inang'aa. Muuguzi ameuonja. Alisikiliza kama alivyosikiliza habari ya mate, mpaka mwisho, bila kunikatiza. Hakukubali, hakukataa. Alisema, "Pika."

Nilipika. Alisimama nyuma yangu muda wote. Nilikamua ndimu, nikatia sukari, nikamimina kwenye chupa ya chai, tukauacha ukae kama unavyokaa siku zote. Baba alikuwa kwenye kiti chake, amekonda kiasi kwamba blanketi lilionekana limemzidi. Nilimimina kikombe mbele yake. Nilikuwa nimeshajifunza: aliyepika na anayetoa ndiye anayeonja. Nikachota kijiko, nikakiinua kuelekea mdomoni mwangu.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Alikichukua kijiko, akachukua na kikombe.

"Wewe una watoto," alisema.

Akanywa. Hakuonja kama alivyozoea, kwa ncha ya midomo. Alikunywa kikombe kizima, kijiko baada ya kijiko, akimtazama Baba. Kisha akamimina kingine, akachovya kile kijiko alicholambia, akakiweka kikombe chini kando ya mguu wake, akakaa kungoja.

Nilitaka kucheka, nikaacha. Maisha yangu yote nimemwona akionja vikombe visivyokuwa na sumu yoyote, na nilidhani ni mchezo wa heshima kati ya watu wawili. Siku hiyo aliamini kabisa kwamba huenda kuna sumu, na aliyemletea ni mwanawe mwenyewe aliyesomeshwa kwa kahawa ile pale mbele, na alikunywa yote ili Baba asiwe wa kwanza. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

Tulikaa. Ng'ombe walilia bandani, hakuna aliyeinuka. Mlima ulijifunika mawingu ukajifunua. Baba hakuyaondoa macho kwa Mama hata mara moja, na Mama alikaa wima, mikono tumboni, akilisikiliza tumbo lake. Kivuli cha upenu kilipofika miguuni mwetu, aliinama akakiokota kikombe. Kilikuwa na mate yake muda wote ule. Akachota, akakiinamisha kijiko kama alivyofundishwa hospitali, uji ukaanguka bonge.

Akaonja tena, kwa ncha ya midomo sasa. Akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana.

"Bado nipo," alimwambia kwa Kimeru.

Baba akafungua kinywa. Akameza, na hakupaliwa.